Maswali kwa Mwalimu: Voyager kilipita tu kwenye Mshtarii, walijuaje yote hayo?

Toleo lililopita tulichapa picha ya Io, mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii, iliyopigwa na chombo cha Marekani Voyager 1 mwaka 1979. Barua na ujumbe wa simu vimekuja kwa wingi. Nimechagua maswali matano. La kwanza nitalijibu kwa urefu, kwa sababu limegusa habari ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufundisha kwenye somo la fizikia.

Shikamoo mwalimu. Mmeandika kwamba Voyager 1 kilipita tu karibu na Mshtarii, hakikutua wala hakikuizunguka. Sasa kwa kupita tu, tena kwa kasi ile, walijuaje mambo yote hayo? Hasa hizo volkano za Io. (Fundi wa kuchomelea, Gerezani)

Marahaba, fundi. Tarehe 5 Machi 1979 Voyager 1 kilifika kilomita kama 280,000 juu ya mawingu ya Mshtarii, kisha kikashika njia yake na hakikurudi tena. Lakini kazi haikuwa ya siku moja. Kamera zilianza kuifuatilia sayari tangu Januari, chombo kikiwa bado mbali, na ziliendelea kupiga picha baada ya kuipita. Nyuma yake kikaja Voyager 2, kikapita tarehe 9 Julai mwaka uleule. Vyombo vyote viwili vilileta zaidi ya picha 33,000 za Mshtarii na miezi yake. Redio iliyozituma ilikuwa na nguvu ya wati ishirini na kitu tu. Mawimbi yake yalichukua dakika 37 hivi kufika duniani, yakapokewa na madishi makubwa yaliyoko California, Hispania na Australia.

Halafu zingatia hili, maana watu wengi hulipita: sehemu kubwa ya ugunduzi ilipatikana chombo kilipogeuza macho na kutazama kilikotoka. Ukiwa upande wa huku kwetu unaiona Mshtarii ikiwa imeangazwa na jua, basi. Ukishaipita, unauona usiku wake. Voyager 1 kiliona radi zikimulika kwenye mawingu ya upande huo wa giza, jambo ambalo hakuna darubini ya duniani ingeweza kulionyesha, kwa kuwa kutoka hapa usiku wa Mshtarii hauonekani kamwe. Vumbi jembamba nalo hung'aa zaidi jua likiwa nyuma yake. Siku moja kabla ya kuikaribia sayari, Voyager 1 kilikuwa kimepata dalili ya pete katika picha moja iliyoachwa ipokee mwanga kwa dakika 11. Voyager 2 kilipotazama nyuma mwezi Julai, pete ile ilionekana waziwazi. Hadi hapo hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba Mshtarii ina pete.

Sasa Io. Kwa ukubwa unakaribiana na mwezi wetu: upana wake ni kilomita 3,640, wetu 3,475. Umbali wake kutoka Mshtarii ni kilomita 422,000, nao hautofautiani sana na umbali wa mwezi wetu kutoka duniani. Kwa hiyo wengi walitegemea kuona ardhi iliyokufa zamani, iliyojaa mashimo ya kugongwa na vimondo, kama tunayoiona kwenye mwezi wetu. Picha zilipokuja, Io ulikuwa wa njano, rangi ya chungwa, mweupe na mweusi, na shimo la kimondo halikuonekana hata moja. Ardhi isiyo na mashimo hayo ni ardhi mpya. Kuna kitu kilikuwa kinaifunika upya kila mara.

Watu watatu walikuwa wameshasema kitu hicho ni nini, kabla ya picha. Stanton Peale wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, pamoja na Patrick Cassen na Ray Reynolds wa shirika la NASA, walichapisha makala katika jarida la Science tarehe 2 Machi 1979. Walipiga hesabu ya jinsi Mshtarii inavyouvuta Io, wakaandika kwamba ndani ya mwezi ule lazima kuwe na joto la kuyeyusha mwamba, na kwamba huenda volkano zikaonekana. Chombo kilifika siku tatu baadaye. Mimi nawaheshimu sana watu wanaothubutu kuandika utabiri wao hadharani wakati jibu liko njiani na haliwezi kusogezwa.

Hesabu yao ni hii. Mshtarii ina masi mara 318 ya Dunia. Upande wa Io ulioielekea huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko upande wa nyuma, kwa hiyo mwezi mzima unarefuka kidogo kuelekea sayari. Kama Io ungezunguka kwa duara kamili, ungebaki na umbo hilohilo milele na usingepata joto lolote. Lakini jirani zake, miezi ya Europa na Ganymede, hawauachi. Io ukizunguka mara nne, Europa huzunguka mara mbili na Ganymede mara moja. Mpangilio huo haubadiliki, na mivuto inayorudi kwa zamu zilezile inauzuia Io usitulie kwenye duara. Mara uko karibu na Mshtarii, mara umesogea mbali kidogo, na safari nzima ni saa 42 na nusu. Kila safari ardhi yake inavimba na kunywea, mpaka kufikia mita 100 hivi. Nasema ardhi, mwamba mkavu. Wewe fundi unajua waya wa chuma ukiukunja huku na huku mara nyingi, pale unapokunjwa panapata moto hata pakakuunguza. Io unakunjwa hivyo bila kupumzika.

Sasa ushahidi wenyewe. Tarehe 8 Machi, siku tatu baada ya kuipita sayari, Voyager 1 kilitazama nyuma kutoka kilomita milioni 4.5 na kupiga picha ya Io. Lengo la picha ile halikuwa kuchunguza Io. Ilikuwa ya waongoza safari: walitaka kuona nyota zilizoko nyuma ya mwezi ili wajue chombo kiko wapi hasa. Aliyeishughulikia alikuwa mhandisi kijana, Linda Morabito, katika maabara ya NASA kule Pasadena. Alipoongeza mwanga wa picha ili nyota hafifu zijitokeze, akaona pembeni mwa Io kitu kilichopinda kama hilali, kikubwa, kimetokeza nje ya ukingo wa mwezi. Pale hapakupaswa kuwa na kitu.

Kazi yake ilikuwa nyota. Angeweza kuandika vipimo vyake, akafunga faili na kwenda nyumbani. Yeye na wenzake wakaanza kuondoa uwezekano mmoja baada ya mwingine. Je, ni kasoro ya kamera? Sivyo. Je, ni mwezi mwingine uliojificha nyuma ya Io? Kwa ukubwa ule ungekuwa umeshaonekana duniani zamani. Lililobaki ni wingu, na wingu la urefu ule juu ya mwezi usio na hewa ya maana lingeweza tu kurushwa kutoka chini. Lilikuwa limesimama juu ya volkano ambayo baadaye ilipewa jina la Pele. Wenzao waliokuwa na kifaa cha kupima joto wakatazama data zao, wakakuta kuna mahali kwenye Io penye joto kuliko ardhi inayopazunguka, ardhi ambayo ni baridi ya zaidi ya nyuzi 130 chini ya sifuri. Hiyo ikawa mara ya kwanza binadamu kuona volkano hai nje ya Dunia.

Wingu la Pele lilipanda karibu kilomita 300. Huo ni umbali wa kutoka hapa Dar mpaka Mombasa kwa mstari ulionyooka, ila usimamishe huo mstari uelekee juu. Ol Doinyo Lengai wetu ukilipuka, majivu hupanda kilomita kadhaa tu. Io una mvuto mdogo, chini ya moja ya tano ya ule wa Dunia, na hakuna hewa ya kuyazuia majivu na gesi ya salfa, kwa hiyo vinavyorushwa vinakwenda mbali sana ndipo virudi chini.

Machi 1979 nilikuwa msichana wa shule hapa Temeke. Redio yetu nyumbani ilikuwa haizimwi kwa sababu ya vita vya Kagera, na kila mtu mtaani alikuwa na ndugu aliyekwenda. Habari za Io nilizisoma miaka kadhaa baadaye kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, nikasoma ukurasa ule nimesimama. Tangu hapo kila darasa nililolifundisha nguvu za mvutano lilisikia jina la Linda Morabito. Wasichana hasa nilitaka walijue.

Mwalimu, habari za kazi. Mtoto wangu amerudi na maneno kwamba sayari zikijipanga mstari mmoja, Mshtarii inavuta bahari na maji yanajaa kupita kiasi. Sisi wa Feri tunategemea maji. Ni kweli? (Mama muuza samaki, Feri)

Nzuri, mama, poleni na kazi. Si kweli, na hesabu yake ni fupi. Nguvu inayojaza na kupunguza maji hupungua haraka sana umbali unapoongezeka: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hiyo inabaki moja ya nane. Mshtarii ni nzito mno, lakini hata inapotukaribia kabisa iko zaidi ya mara 1,500 ya umbali wa mwezi. Ukikokotoa, uwezo wake wa kuinua maji yetu haufiki hata sehemu moja kwa laki moja ya ule wa mwezi. Zuhura, ambayo ni ndogo kuliko Mshtarii kwa mbali, inayainua maji yetu zaidi kwa sababu inatukaribia zaidi, na hata hiyo hakuna mvuvi atakayeiona kazi yake.

Bamvua linaletwa na mwezi na jua vinapokuwa kwenye mstari mmoja na Dunia, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu yanakuja mwezi ukiwa nusu. Wazee wenu pale Feri wanalijua hilo bila kitabu. Kinachofanyika kwenye Io ni nguvu hiyohiyo ya kujaa na kupwa, ila huko anayevuta ni Mshtarii na anayevutwa yuko jirani yake, ndiyo maana mwamba wenyewe unainuka.

Mimi siamini. Picha zile zina rangi za ajabu, na kamera za 1979 tunazijua. Hizi si zimechorwa? (Msomaji, Sinza)

Swali lako ni halali, nami nakujibu kwa kukuambia picha zilitengenezwaje. Kamera za Voyager zilipiga picha nyeusi na nyeupe tu, zenye nukta 800 kwa 800. Ndani ya kamera kulikuwa na vichujio vya rangi. Chombo kilipiga picha kwa kichujio kimoja, kikabadilisha, kikapiga tena, na duniani picha hizo zikaunganishwa kuwa moja yenye rangi. Mara nyingi walizikoleza rangi ili tofauti za udongo zionekane, kwa hiyo ukisema njano ya Io imetiwa nguvu, nakubaliana nawe. Jicho lako lingeona kitu kilichofifia zaidi.

Tena hazikuwa zote safi. Mionzi inayoizunguka Mshtarii ni mikali kiasi kwamba ilivuruga saa ya ndani ya Voyager 1, maagizo yakapishana na kamera, na picha kadhaa za Io na Ganymede ambazo zingekuwa bora kabisa zikatoka na ukungu. Sehemu ya chanzo cha mionzi hiyo ni Io mwenyewe: kila sekunde unapoteza karibu tani moja ya salfa na oksijeni angani, chembe hizo zinapata chaji, kisha usumaku wa Mshtarii unazidaka na kuzizungusha.

Lakini ninachokuomba ukizingatie ni kwamba Io umetazamwa tena na vyombo vingine, kwa kamera nyingine, na kizazi kingine cha watu. Galileo kiliizunguka Mshtarii kuanzia Desemba 1995 mpaka 2003. Tarehe 28 Februari 2007 chombo cha New Horizons kilipita pale kikielekea Pluto, kikapiga mfululizo wa picha za volkano iitwayo Tvashtar ikirusha wingu la kilomita 330 hivi. Desemba 2023 na Februari 2024 chombo cha Juno kilipita kilomita 1,500 tu kutoka kwenye uso wa Io. Darubini kubwa za duniani nazo hupima joto la volkano zilezile bila kutoka hapa. Wote wanakuta volkano, na sasa zinazojulikana ni zaidi ya 400.

Mwalimu, naendesha daladala Mbagala. Nimesikia Voyager kiliongezewa mwendo na Mshtarii bila kuchoma mafuta. Mwendo wa bure unatoka wapi? (Dereva, Mbagala Rangi Tatu)

Si wa bure, kuna aliyeulipia. Mshtarii yenyewe inakimbia kulizunguka jua kwa kasi ya kilomita 13 hivi kwa sekunde. Chombo kikipita nyuma yake kinavutwa, kinapinda njia, kinatoka upande wa pili. Ukiwa umesimama juu ya Mshtarii ungeona kimeingia na kutoka kwa mwendo uleule. Lakini kwa mtu anayetazama kutoka kwenye jua, chombo sasa kimeelekea upande ambao sayari inakwenda, na kimechukua sehemu ya mwendo wake. Mshtarii ilipungukiwa na kiasi hichohicho cha nguvu, ila kwa uzito wake hakuna kipimo kitakachoona upungufu huo.

Mwaka 1965 Gary Flandro, akifanya kazi kwenye maabara ileile ya Pasadena, aliona kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni zingekaa mahali ambapo chombo kimoja kingeweza kurushwa kutoka moja hadi nyingine. Nafasi hiyo huja mara moja katika miaka kama 176. Voyager 2 kiliitumia yote: Mshtarii 1979, Zohali 1981, Uranus 1986, Neptuni 1989. Na hapo utaona kwa nini hakikusimama popote. Ili uizunguke sayari lazima upunguze mwendo, na kupunguza mwendo kunataka mafuta mengi ya roketi. Kingesimama Mshtarii, Uranus na Neptuni tusingeziona kwa karibu mpaka leo, maana hakuna chombo kingine kilichofika huko.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Je, ninaweza kuuona Io nikiwa hapa Dar? Na je, ni kweli mwezi wa Europa una bahari? (Mwanafunzi, Tabata Kimanga)

Marahaba, mwanangu. Nianze na Europa. Voyager vilionyesha uso wa barafu uliochanwachanwa na mistari mirefu, wenye mashimo machache sana ya vimondo, na watu wakaanza kushuku kuna maji chini yake. Baadaye Galileo kilipima usumaku karibu na Europa, na vipimo vikaendana na maji ya chumvi chini ya barafu. Joto linalozuia maji yasigande linatokana na kuvutwa kulekule nilikomweleza fundi wa Gerezani, ila kwa Europa ni kidogo zaidi. Chombo cha Europa Clipper kiliondoka Oktoba 2024 na kinatarajiwa kufika 2030, ukiwa umeshamaliza shule. Nacho kitaizunguka Mshtarii na kuipita Europa mara kwa mara, karibu mara hamsini.

Kuuona Io inawezekana, kwa darubini ya mkono ya kawaida. Yangu niliipata imetumika, Kariakoo, na inatosha. Tafuta Mshtarii: inang'aa kuliko nyota zote na haimetimeti. Egemea ukuta ili mikono isitikisike. Utaona vidoti vidogo vimejipanga karibu mstari mmoja pembeni mwake. Ni ile miezi minne ambayo Galileo Galilei alianza kuichora Januari 1610. Mawingu ya masika yatakusumbua, subiri Juni na kuendelea kama Mshtarii itakuwa juu usiku. Taa za Tabata hazikuzuii, kwa sababu Mshtarii yenyewe ina mwanga wa kutosha. Ukipata nafasi ya kulala kwa ndugu upande wa Kimbiji, itakuwa rahisi zaidi.

Io ndio mgumu, kwa kuwa hauendi mbali zaidi ya upana wa Mshtarii mara tatu kutoka katikati yake, na mwanga wa sayari unaufunika. Chora kila siku saa ileile. Kwa kuwa unamaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu, baada ya siku mbili hautaukuta pale ulipouacha, utakuwa umetangulia kwa mwendo wa saa tano na nusu. Ganymede ni rahisi zaidi, mkubwa na mbali na sayari, unazunguka kwa wiki moja na saa chache. Anza na huo. Andika tarehe na saa kwenye kila mchoro, hata siku ambayo umeona vidoti vitatu tu, maana wa nne utakuwa mbele au nyuma ya sayari. Ukishapata michoro ya wiki mbili, ipige picha unitumie kupitia ofisi ya gazeti, tuihesabu pamoja.